Sura ya Sita: Kiti cha Miaka Mitatu, Bomba la Miaka Ishirini

Mtendaji mkuu wa kampuni ya mafuta ni mwajiriwa, ingawa wasomaji wengi wa magazeti humdhania kuwa mwenye mali. Huajiriwa na bodi ya wakurugenzi, ambayo nayo huchaguliwa na wanahisa, yaani watu na mifuko ya fedha inayomiliki vipande vya kampuni na kutarajia gawio, sehemu ya faida inayogawanywa taslimu. Na kwa kuwa muhula wake hupangwa kwa miaka michache ilhali visima, mabomba na mitambo anayoiidhinisha hudumu kwa miongo, matokeo ya maamuzi yake makubwa huangukia mikononi mwa watu wengine. Katika zama za mpito wa nishati, maana yake juhudi za mataifa kupunguza mafuta, makaa ya mawe na gesi na kuongeza umeme wa maji, jua, upepo na joto la ardhi ili kuzuia hewa ukaa isizidi kuipasha dunia joto, pengo hilo kati ya urefu wa kiti na urefu wa bomba linaeleza mwenendo wa watendaji hao vizuri kuliko hotuba zao zote.

Mbinga na mwambao wa Nyasa, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuupima mwenendo huo, hata kama hapajawahi kutoka pipa moja la mafuta. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, na katika majedwali hayo Mbinga na Mbamba Bay husomeka kwa bei za juu kuliko bandari ya Mtwara, ambako shehena ya mikoa ya kusini hushushwa, kwa sababu kila kilomita ya barabara ya Masasi, Tunduru na Songea huongeza gharama ya kusafirisha. Chini ya vilima vya wilaya ya Mbinga kuna makaa ya mawe. Katika Ziwa Nyasa, lililo mbele ya mwambao huo, palitolewa vibali vya kutafuta mafuta. Na mto Ruvuma, unaoanzia kwenye milima ya Matogoro karibu na Songea, huishia katika Bahari ya Hindi jirani na hifadhi kubwa ya gesi ambayo imeamua sehemu ya sifa na aibu ya mtendaji mmoja wa Kifaransa, Patrick Pouyanné wa TotalEnergies.

Pouyanné alizaliwa 1963 huko Normandy, akasoma École Polytechnique, chuo kinachowaandaa wahandisi wa dola ya Ufaransa, kisha akaingia katika kikosi cha wahandisi wa serikali wanaosimamia madini na viwanda. Njia yake ya kwanza ilikuwa ya ofisi za umma: miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa mshauri katika ofisi ya Waziri Mkuu Édouard Balladur, na baadaye alisimamia ofisi ya François Fillon alipokuwa waziri. Mwaka 1997 alihamia Elf, kampuni ya mafuta ambayo historia yake haitenganishiki na siasa za Ufaransa barani Afrika, na akapelekwa Angola, kisha Qatar. Elf ilipounganishwa na TotalFina mwaka 2000 alibaki ndani ya kampuni hiyo mpya, akapanda kupitia fedha, mikakati na utafiti, na mwaka 2012 akakabidhiwa idara ya usafishaji wa mafuta na kemikali, idara yenye viwanda vya zamani barani Ulaya vilivyokuwa vikila hasara na vilivyohitaji mtu asiyeogopa kufunga mitambo. Maelezo haya yana uzito, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mtu aliyekuja kuongoza mpito alilelewa na serikali, na hadi leo hujadiliana na marais kama mtu anayezijua ofisi zao kutoka ndani.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014 Christophe de Margerie, aliyekuwa akiiongoza Total, kama TotalEnergies ilivyoitwa wakati huo, alifariki katika uwanja wa ndege wa Vnukovo mjini Moscow baada ya ndege yake kugonga gari la kuondolea theluji. Bodi ilimteua Pouyanné siku mbili baadaye, na mwishoni mwa 2015 akaongezewa uenyekiti. Hakupata muda wa kujipanga, maana pipa la mafuta ghafi lililokuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 lilishuka chini ya dola 30 Januari 2016.  Yeye alikata gharama na kushikilia kanuni moja ambayo haikubadilika baadaye, kwamba kila mradi mpya lazima ulipe hata bei ikiwa ya chini. Alinunua wakati wengine wakiuza: Agosti 2017 alitangaza ununuzi wa Maersk Oil ya Denmark kwa dola bilioni 7.45, na mwaka huo huo mtandao wa vituo vya GAPCO vya Afrika Mashariki, vikiwemo vya Tanzania, uliingia chini ya nembo ya Total. Kwa mwendesha gari wa Dar es Salaam badiliko lilikuwa la rangi ya kibao tu. Kwa kampuni, lilikuwa sehemu ya hesabu kwamba Afrika ingeendelea kununua mafuta hata pale Ulaya itakapopunguza.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ulikuwa umeme. Total ilikuwa imeshanunua sehemu kubwa ya SunPower, mtengenezaji wa paneli za jua wa Marekani, tangu 2011. Chini ya Pouyanné ikaongeza Saft, kampuni ya betri, mwaka 2016, na Direct Énergie, muuzaji wa umeme wa rejareja nchini Ufaransa, mwaka 2018. Mei 2021 wanahisa waliidhinisha kwa kura karibu zote jina jipya, TotalEnergies, pamoja na lengo la kufikia mwaka 2050 hali ambayo hewa ukaa inayotolewa inalingana na ile inayoondolewa angani. Mtu akisoma orodha hiyo peke yake ataona kampuni inayohama. Akiisoma pamoja na ile ya visima na mabomba ataona kampuni inayojenga nyumba ya pili bila kuihama ya kwanza, na kodi ya nyumba ya kwanza ndiyo inayolipia matofali ya nyumba ya pili. Mwaka 2022, bei zilipopaa kwa sababu ya vita vya Ukraine, faida iliyorekebishwa ya kampuni ilifikia dola bilioni 36.2, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka kwenye jua wala upepo.

Linganisho na Bernard Looney, aliyeiongoza BP ya Uingereza, linasaidia kuelewa kwa nini Pouyanné amedumu. Mwaka 2020 Looney aliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Februari 2023 akaishusha ahadi hiyo hadi asilimia 25, na Septemba mwaka huo akajiuzulu kwa sababu zilizohusu mwenendo wake binafsi kazini. Mkakati wake wa nishati safi haukuishi muda mrefu baada yake. Pouyanné hakuwahi kuahidi upungufu wa namna hiyo. Mahali pake aliweka gesi asilia, akidai kwamba gesi ikichomwa hutoa hewa ukaa kidogo kuliko makaa ya mawe na hivyo inaweza kuwa daraja la mpito, hoja ambayo wapinzani wake huijibu kwa kutaja methani, gesi inayovuja kwenye visima na mabomba na ambayo nguvu yake ya kupasha joto ni kubwa mara nyingi kuliko ya hewa ukaa.

Hoja hiyo ya gesi ndiyo iliyomleta kwenye mdomo wa Ruvuma. Mwaka 2019, baada ya Occidental ya Marekani kuinunua Anadarko, kampuni iliyokuwa ikiuendesha mradi wa Mozambique LNG, Total ilichukua asilimia 26.5 na usimamizi wa mradi huo kwa dola bilioni 3.9. Mradi huo ni wa kuvuna gesi ya chini ya bahari katika bonde la Ruvuma, kuipoza hadi nyuzi joto takribani 160 chini ya sifuri ili igeuke kimiminika na ujazo wake upungue kiasi cha mara 600, kisha kuipakia melini; kiwanda kinajengwa Afungi, wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 20 na uwezo wa tani milioni 13 hivi kwa mwaka. Uasi wa kutumia silaha ulikuwa umeanza katika mkoa huo tangu 2017. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, upande wa Tanzania, na tarehe 24 Machi 2021 waliuvamia mji wa Palma wenyewe, wakaua raia na wafanyakazi na kuwafukuza maelfu ya watu makwao. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza dharura isiyozuilika, kifungu cha mikataba kinachomruhusu mhusika kusimamisha wajibu wake kwa sababu ya tukio lililo nje ya uwezo wake.

Hapa ndipo ufundi wa mtendaji mkuu hujaribiwa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo tathmini yake inapokuwa ngumu. Kwa upande wa wanahisa, kusimamisha kulikuwa busara, kwa maana mali ilihifadhiwa na gharama zikasitishwa. Kwa upande wa watu wa Palma, waliohamishwa kupisha mradi na kisha kuhamishwa tena na vita, kifungu hicho hicho kilimaanisha kwamba ajira, fidia na huduma zilizoahidiwa zilisimama pia, na nchini Ufaransa waathirika na familia zao walifungua malalamiko ya jinai dhidi ya kampuni kuhusu ulinzi wa watu siku ya shambulio, malalamiko ambayo kampuni imeyakana. Hakuna kifungu cha mkataba kinachomruhusu mwanakijiji kusimamisha wajibu wake kwa mwenye duka.

Kaskazini mwa Tanzania mtendaji huyo huyo alifanikiwa zaidi kwa kipimo chake mwenyewe. Februari 2022 alitangaza mjini Kampala uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa mafuta ya Ziwa Albert, ambayo yatasafirishwa kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. TotalEnergies ina asilimia 62 ya bomba hilo, makampuni ya taifa ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe moto, kiasi cha nyuzi 50, muda wote litakapokuwa likifanya kazi. Benki kubwa za Ufaransa zilikataa kulikopesha. Sehemu ya kwanza ya mikopo ilipopatikana 2025 ilitoka kwa Afreximbank na benki nyingine za Afrika pamoja na taasisi ya fedha ya Kiislamu. Ikumbukwe pia kwamba serikali mbili zinaulinda mradi huu kwa hoja isiyoweza kupuuzwa, kwamba mataifa yaliyotajirika kwa mafuta yaliyo chini ya ardhi yao hayana haki ya kuwazuia Waganda na Watanzania kuyauza ya kwao. Mtendaji wa Paris huipenda hoja hiyo sana, na inafaa kuchunguza ni nani mwingine anayenufaika nayo.

Mkoani Ruvuma kwenyewe mfano ulio karibu zaidi si wa mafuta bali wa makaa ya mawe, na mtendaji wake ni wa ngazi tofauti kabisa. Graeme Robertson, Mwaustralia aliyejenga jina lake katika makaa ya Indonesia kupitia Adaro, aliongoza Intra Energy, kampuni ndogo ya Australia ambayo ilimiliki asilimia 70 ya TANCOAL Energy, huku asilimia 30 zikiwa za Shirika la Maendeleo ya Taifa (NDC). TANCOAL ilianza kuchimba 2011 huko Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro, kata ya Ruanda, wilaya ya Mbinga. Mpango haukuwa kuuza makaa peke yake. Ulikuwa kujenga kituo cha kufua umeme pale pale mgodini na kuuza umeme huo kwa shirika la umeme la taifa, TANESCO, katika mkoa uliokuwa nje ya gridi ya taifa na ambao miji yake ilitegemea mitambo ya dizeli.

Kituo hicho hakikujengwa. Mradi wa namna hiyo husimama juu ya mkataba wa kuuziana umeme, ahadi ya mnunuzi kulipa bei fulani kwa miaka mingi ambayo mabenki huitumia kama dhamana, na bila mkataba huo mtendaji hana cha kuwaonyesha wakopeshaji zaidi ya ramani ya miamba. Kampuni ikabaki kuuza makaa kwa viwanda, hasa vya saruji. Agosti 2016 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa makaa kutoka nje, na viwanda vilivyokuwa vikinunua Afrika Kusini, kikiwemo cha Dangote cha Mtwara, vikalazimika kugeukia Ruvuma. Malori yakajaa barabarani kati ya Ngaka na maghala ya Amani Makoro, na Mbinga, inayofahamika kwa kahawa na kwa ngoro, mashimo ya kulimia ya Wamatengo, kwenye miinuko yake, ikaanza kutajwa katika taarifa za soko la hisa la Australia. Hata hivyo Intra Energy haikukaa. Iliachana na makaa ya Tanzania, na baadaye ikaonekana Australia Magharibi ikitafuta nikeli na lithiamu, madini ya kutengenezea betri. Hiyo ni sura ya mpito wa nishati ambayo vitabu vya uongozi wa makampuni huisifu kama wepesi wa kubadilika. Shimo la Ngaka halina wepesi huo.

Kisha mwaka 2022 nadharia zote za mpito zikageuzwa juu chini kwa muda. Ulaya, iliyokuwa imewaonya wengine dhidi ya makaa, ilikatiwa gesi na Urusi na ikaanza kutafuta makaa popote. Bandari ya Mtwara, iliyozoea korosho, ilipokea meli za makaa yaliyosafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita 600 kutoka Ruvuma, na Tume ya Madini ilikadiria kwamba mauzo ya nje ya mwaka huo yangeongezeka maradufu hadi takribani tani 696,000. Mchimbaji au mmiliki wa lori wa Mbinga aliyefuata ushauri wa mikutano ya tabianchi kwa miaka mitano iliyotangulia angekuwa amefunga shughuli zake mwaka mmoja kabla ya bei nzuri kuliko zote. Lakini bei zilishuka tena, jambo ambalo wenye kiti katika makampuni makubwa huligawanya katika hesabu za nchi nyingi, na ambalo mwenye lori la mkopo hulibeba peke yake.

Wakati watendaji hao wakipanga na kupangua, mpito halisi katika mkoa wa Ruvuma ulifanywa na watu ambao hawana hisa sokoni. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walianza kufua umeme wa maji kwenye maporomoko ya Tulila, juu ya mto Ruvuma, kwa mitambo yenye uwezo wa megawati 5, na kuuza umeme huo kwa TANESCO. Huko Mbangamao, wilayani Mbinga, mwekezaji wa Kitanzania naye alijenga kituo kidogo cha maji. Mwaka 2018 njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Uswidi, ikafika Songea, ikauunganisha mkoa na gridi ya taifa na kuiondolea TANESCO sababu ya kuendelea kununua dizeli kwa ajili ya mitambo iliyokuwa ikinguruma mjini. Gridi hiyo sasa inalishwa pia na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kampuni za mafuta zilipoteza mteja Songea bila mjadala wowote wa bodi, na ni vigumu kupata mfano safi zaidi wa mpito katika sehemu hii ya Afrika. Ni kweli pia kwamba bodaboda, malori na injini za maboti ya Liuli na Mbamba Bay zinaendelea kunywa petroli na dizeli, na kwamba kuni na mkaa bado vinatawala jikoni. Gridi imeondoa dizeli mahali pamoja, haijaigusa barabara.

Ziwani, mtendaji wa mafuta hakufika kabisa upande huu. Mwaka 2011 Malawi ilitoa vibali vya utafutaji kwa kampuni ya Kiingereza ya Surestream, vikigusa maji ambayo Tanzania inayahesabu kuwa yake, na 2012 Serikali ya Tanzania ilitaka shughuli zisimame. Malawi hutegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaoweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki. Tanzania hudai mstari wa katikati ya ziwa, kama desturi ya sheria za kimataifa inavyoelekeza kwa maziwa yanayogawanywa na nchi mbili. Usuluhishi wa viongozi wastaafu chini ya Joaquim Chissano haukumaliza mgogoro. UNESCO nayo ilipinga utafutaji huo kwa ajili ya hifadhi iliyo upande wa Malawi, kwa kuwa ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani na maji yake hubadilika polepole mno, kiasi kwamba uchafu wa mafuta ungekaa kwa vizazi. Wavuvi wa dagaa na mbasa wa Nyasa wamelindwa, basi, na ugomvi wa mpaka kuliko sera yoyote ya mazingira, na ulinzi wa namna hiyo unaweza kuondoka siku nchi mbili zitakapopatana.

Pouyanné mwenyewe ameendelea. Mwaka 2024 wanahisa walimpa muhula mwingine wa miaka mitatu. Tarehe 23 Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliamua kwamba TotalEnergies iliwapotosha wateja katika baadhi ya matangazo yake kuhusu mchango wake katika mpito na lengo la 2050. Muda mfupi baadaye kampuni iliifahamisha Serikali ya Msumbiji kwamba inaondoa tamko la dharura na iko tayari kurudi Afungi. Matukio hayo mawili yakisomwa pamoja yanatosha kuwa hukumu ya utendaji wake hadi sasa: amekuwa fundi bora wa kupata faida wakati wa mpito, na mpito wenyewe ameutumia zaidi kama jina kuliko kama mwelekeo. Muhula wake wa sasa unakwisha 2027. Gesi ya kwanza ya Afungi inatarajiwa 2029.